Mrembo Kulisha Mbuzi Ureno: Wanaomcheka Wachungulie Jikoni Kwao Kwanza

Siku kadhaa sasa mitandaoni hakukaliki. Mrembo mmoja wa mjini, yule aliyezoeleka kwa magauni ya usiku, pweza wa Zanzibar na picha za machweo pembeni ya bwawa la hoteli, ametupia video akiwa kwenye gambuti, kilemba kimekaa upande, beleshi mkononi, anazoa samadi kwenye banda la mbuzi. Mahali penyewe ni kijiji kimoja katikati ya Ureno. Maelezo aliyoweka chini ya video yalikuwa mafupi tu: yuko huko wiki tano, anajitolea kwenye shamba dogo la familia, anapiga kazi saa chache kwa siku, halafu kulala bure na msosi bure.

Basi, Bongo ikawaka.

"Kwani kwao mbuzi wameisha?" aliuliza mmoja, na swali lake likazunguka kila kona. "Yaani nauli yote ile ukazoe mavi?" akadakia mwingine. Mchekeshaji mmoja akavaa wigi na gambuti, akapiga magoti mbele ya mbuzi na kuanza kumwongelesha Kiingereza cha kuunga unga. Mtangazaji mmoja wa redio akatumia kipindi kizima cha asubuhi kuuliza kama huo ni utalii au utumwa, na simu zikamiminika. Wapo walioenda mbali zaidi, wakasema jamaa aliyekuwa anamgharamia bata zote zile kasepa, ndiyo maana dada wa watu kakimbilia shambani kwa wazungu.

Upande wa pili nao haukulala. Mashabiki wake wakaja juu: kazi ni kazi, acheni wivu, nyie hata pasipoti hamna. Wengine wakaanza kumwomba link wakijua huo ndio mchongo mpya wa kwenda majuu.

Ukweli usemwe: pande zote mbili zimeng'ang'ania mbuzi na kuliacha jambo lenyewe. Kuzoa samadi hakumshushi mtu hadhi, iwe Ureno iwe Manyoni. Kinachomshusha au kumpandisha ni makubaliano. Je, anajua atafanya kazi saa ngapi? Anapata nini? Anaruhusiwa kusema hapana? Akichoka, anaweza kuondoka? Ukipima kwa vipimo hivyo, yule mrembo wa mbuzi ana hali nzuri kuliko watu wengi wanaofanya kazi saa hii hii ndani ya nyumba za hao hao wanaomcheka.

MCHONGO WENYEWE UKOJE

Kwanza tabia hii haikuanza na Instagram. Mwaka 1971, katibu muhtasi mmoja wa London aitwaye Sue Coppard alikuwa na hamu ya kwenda shamba wikiendi lakini hakuwa na shamba wala pa kufikia. Akapanga safari ya majaribio ya wikiendi kwenye shamba la chuo cha Emerson, huko Sussex. Walioenda walifanya kazi, wakalishwa, wakapewa pa kulala. Watu wakaipenda, na ndipo ukazaliwa mtandao unaojulikana kama WWOOF, ambao leo una mashamba katika nchi nyingi duniani. Baadaye zikaja tovuti nyingine za namna hiyo, kama Workaway na HelpX, ambazo hazibagui: shamba, hosteli, nyumba inayojengwa, hata kumsaidia mzee kutunza bustani yake.

Kanuni ni ile ile. Mgeni analipa ada ndogo ya uanachama kwa mwaka, anaandikiana moja kwa moja na mwenye shamba, nauli anajitegemea. Akifika, anafanya kazi kama saa nne mpaka sita kwa siku, kwa kawaida siku tano kwa wiki. Workaway wao wanataja takriban saa 25 kwa wiki. Mwenye shamba anatoa kitanda na chakula. Hela haitembei.

Kuna kitu kidogo kwenye historia ya jina la WWOOF ambacho kinafaa kukumbukwa. Zile herufi zimebadilishwa maana zaidi ya mara moja. Mwanzoni zilizungumzia kufanya kazi wikiendi, baadaye zikawa zinataja wafanyakazi wenye moyo wa kupenda, na mwishowe neno "wafanyakazi" likaondolewa, likawekwa "fursa". Sababu? Maofisa uhamiaji wakisikia mtu anasema yeye ni mfanyakazi, wanamuuliza kibali cha kazi kiko wapi. Yaani jasho lilibaki lile lile, likabadilika neno tu. Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa habari hii yote.

Tukio lenyewe la Ureno nalo lina maelezo yake. Huko vijijini shamba dogo lenye nyumba huitwa quinta. Vijana wengi wa vijiji vya ndani walishahamia Lisbon na nchi nyingine, wakabaki wazee. Nyumba za mawe zilizoachwa zikanunuliwa, nyingine na Waingereza, Wajerumani na Waholanzi waliochoka na mji. Kazi hazikosekani. Mwezi wa kumi na moja ni zeituni: nyavu zinatandikwa chini ya mti, matawi yanapigwa kwa fimbo na kuchanwa kwa reki ndogo, matunda yanachambuliwa majani, magunia yanapelekwa kinuni kukamuliwa mafuta. Aliyewahi kuona uchumaji wa karafuu Pemba ataelewa haraka: msimu hausubiri mtu, na mikono haitoshi.

Halafu kuna moto. Juni 2017 moto ulioanzia eneo la Pedrógão Grande uliua watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa barabarani wakijaribu kukimbia kwa magari. Tangu hapo suala la kufyeka vichaka kuzunguka nyumba kabla ya kiangazi si la mchezo, ni sheria na ni uhai. Sasa mbuzi wanaingia hapo: wanakula vichaka. Wale mbuzi waliochekwa wiki nzima Bongo, kule ni sehemu ya zimamoto.

Na kwa wale waliouliza kuhusu choo, ndiyo, quinta nyingi zina choo kisicho na maji. Mtu akimaliza haja anamwagia maranda ya mbao, safari imeisha. Mrembo mwenyewe alikionyesha, akacheka. Wabongo wakacheka zaidi.

MZUNGU AKIJA MOSHI HACHEKWI

Sasa geuza picha. Kila mwaka vijana wa Kizungu wanashuka uwanja wa ndege wa KIA, wanaenda Moshi na Arusha, wanapaka rangi madarasa, wanapanda miti, wanachota maji, wanalisha ng'ombe. Wengine wanalipa hela ndefu kwa kampuni za kwao ili tu waje kufanya kazi hizo. Hakuna anayewauliza kama kwao ng'ombe wameisha. Hakuna mchekeshaji anayewavalia wigi. Wanapigiwa vigelegele, watoto wanaimba, mwenyekiti wa kijiji anatoa hotuba.

Hata serikali ina mahali pa kuwaweka: kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndani yake wamo wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea. Kwa hiyo mgeni akishika jembe Bongo, hiyo ni huruma. Mbongo akishika jembe ugenini, huyo kafulia. Mtu mwenye akili zake timamu ajiulize hesabu hiyo inatoka wapi.

JEMBE LILIVYOGEUZWA FIMBO

Inatoka shuleni, na si siri. Kila aliyesoma Bongo anajua ukichelewa namba unapewa eneo la kufyeka. Ukipiga kelele darasani unaenda kumwagilia bustani. Ukifeli mtihani wa majaribio unalima shamba la shule, na mahali pengine shamba la mwalimu. Mtoto anakaa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari akifundishwa kwa vitendo kwamba jembe ni adhabu. Halafu akiwa na miaka 25 anashangaa kumwona mtu kalishika kwa hiari yake, tena anatabasamu.

Kinachouma ni kwamba lengo lilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wazo lilikuwa kila shule iwe na shamba, wanafunzi wazalishe na wajifunze humo, ili msomi asijione bora kuliko mkulima aliyemlipia elimu kwa kodi yake. Shamba lilitakiwa liwe darasa. Kwenye shule nyingi likaishia kuwa fimbo.

Na tena Waswahili hawakuhitaji mzungu awafundishe habari ya mgeni kufanya kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inajulikana na kila mtoto, na Mwalimu aliitumia katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962 kuelezea kwamba mgeni hakai kupe, anaingia kazini na wenyeji. Ukiiangalia vizuri, mpango mzima wa quinta ni methali hiyo iliyowekwa kwenye tovuti, tofauti yake wazungu wanatoa jembe siku ya kwanza na saa wanazihesabu.

Kuna waliouliza swali la maana zaidi: kwa nini asiende kwa bibi yake? Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Wapo vijana wengi mjini ambao mara ya mwisho kufika kijijini ilikuwa msibani, na shamba la bibi linaota magugu huku wao wanatafuta "utulivu wa asili" wa kulipia. Lakini mtoto wa mjini akienda kwa bibi mambo yanakuwaje? Anachinjiwa kuku. Anawekewa maji ya moto bafuni. Akigusa jembe anaambiwa aache, atachafuka. Jioni yuko chini ya mwembe anatafuta mtandao, na binamu yake wa umri ule ule anarudi kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Kwa bibi huyo mtoto wa mjini ni bosi mdogo, na wenyewe wanaojua kulima ndio wanamhudumia. Ureno hakuna aliyemjua, kwa hiyo alishika beleshi kama mtu mwingine yeyote. Ikibidi aende nchi za watu ndipo ajue mavi ya mbuzi yana uzito gani, kuna tatizo, lakini tatizo hilo si lake peke yake.

KULA NA KULALA: BONGO IPO SIKU NYINGI

Hapa sasa ndipo kicheko kinapotakiwa kukata.

Kazi kwa malipo ya chakula na kitanda. Wanaomcheka wanasema huo ni utumwa. Sawa. Sasa twende Sinza, Kimara, Mbezi, Tabata. Nyuma ya mageti mengi kuna binti kaletwa kutoka Iringa, Singida, Dodoma au Kigoma. Mjini kwa utani wanamwita beki tatu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule. Anafua, anapiga deki, anapika, anabeba mtoto, anaosha vyombo vya usiku saa tano wakati tamthilia imeisha. Siku ya mapumziko hana. Mshahara ukiulizwa, jibu ndilo lile lile la Ureno, ila bila tabasamu: "Si anakula na kulala hapa hapa?"

Na huyo ana nafuu, angalau anaitwa wa kazi. Yupo mwingine, mtoto wa shangazi wa kijijini, aliyechukuliwa kwa ahadi ya kusomeshwa. Miaka inapita, shule haionekani, yeye yuko jikoni. Ukiuliza unaambiwa huyo si mfanyakazi, huyo ni ndugu, anasaidia tu. Neno lile lile limefanyiwa mchezo ule ule wa zile herufi za WWOOF: ondoa "mfanyakazi", weka "kusaidia", weka "dada", weka "ni kama mwanetu", na ghafla hakuna saa, hakuna mshahara, hakuna likizo.

Sheria haidanganyiki na majina hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Imeweka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na imekataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Haikuandika "isipokuwa beki tatu". Na mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, kwa lengo hasa la kusema kitu kimoja kinachoonekana rahisi: anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu ni mfanyakazi, na ana haki za mfanyakazi.

Weka wawili hawa mezani. Mrembo: saa 25 kwa wiki, siku mbili za kupumzika, chumba chake, tiketi ya kurudi kwenye begi, na siku mwenye shamba akimzingua anaita teksi. Binti wa jikoni: alfajiri mpaka usiku wa manane, siku saba, godoro la sebuleni au stoo, simu anakaguliwa, kitambulisho kashikiwa na mama mwenye nyumba, nauli ya kurudi kwao hana. Sasa nani amtungie nani kichekesho? Nyani haoni kundule.

Kuna video moja ya mrembo ambayo haikupata kelele nyingi kwa sababu haina mavi. Ni ya chakula cha mchana. Meza ndefu chini ya mzabibu, mkate, maharage, zeituni. Wamekaa mama mwenye shamba, mumewe, kijana mmoja mgeni na yeye. Wote sahani moja aina moja. Anayehitaji chumvi ananyoosha mkono. Hakuna anayesimama pembeni kusubiri wengine washibe.

Ukirudi nyuma kwenye ukurasa wake huo huo, kuna video za zamani za nyumbani kwake Dar. Anaita juisi iletwe. Mkono wa binti unaingia kwenye picha, unaweka glasi, unatoweka. Uso hauonekani. Jina halijawahi kutajwa. Kwa hiyo hata mrembo hajasalimika, na kama wiki tano za Ureno zilikuwa na funzo, basi ni hilo la meza kuliko lile la mbuzi.

PALE ANAPOSTAHILI KUSEMWA

Wanaomtetea wasishangilie sana. Kuna jambo ambalo mrembo amelikosea kweli, nalo ni kuuza mchongo nusu nusu. Wafuasi wake wengi ni vijana wasio na ajira. Wakiona "kulala bure, kula bure, Ulaya", wanasikia kengele ya kuzamia. Yeye ameonyesha gambuti, hajaonyesha njia aliyopita kufika kwenye gambuti.

Mwenye pasipoti ya Tanzania haendi Ureno kama Mjerumani anayepanda basi. Anahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima iwe ya kufikia walau yuro 30,000. Unaonyesha taarifa ya benki, pa kufikia, sababu za kurudi nyumbani. Viza yenyewe ya muda mfupi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Huyo "asiye na hela aliyekimbilia shambani" alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba ana hela. Waliosema kafulia hawakupiga mahesabu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kazi kwa malipo ya chakula na kitanda, nchi nyingi zinaihesabu kuwa kazi, hata kama hamna shilingi iliyopita mkononi. New Zealand wako wazi: ukipewa chakula na malazi kwa ajili ya jasho lako, hiyo ni kazi na viza ya kutembea haitoshi. Uingereza mgeni anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa, na shamba la mtu binafsi si taasisi ya hisani. Kila nchi ina lake, kwa hiyo mtu anauliza ubalozi wa nchi husika kabla ya kununua tiketi, haulizi kwenye komenti. Ofisa wa uwanja wa ndege akishakurudisha, neno "nilikuwa najitolea tu" halikusaidii.

Na matapeli hawalali. Ikishasikika kwamba kuna mashamba Ulaya yanayopokea watu, hazipiti siku mbili zinaibuka namba za WhatsApp zenye picha ya bendera na ndege: lipia kwanza, viza ya uhakika, ukifika unapewa na mshahara. Ifahamike: WWOOF hawatoi viza wala kibali cha kazi, na wanasema hivyo wenyewe. Uanachama wake hauuzwi kwa mamilioni na hauhitaji dalali wa Kariakoo. Yeyote anayekuuzia "nafasi ya kujitolea yenye mshahara" kakuuzia maneno mawili yasiyokaa chumba kimoja.

Hao wanaotamani kuzamia kupitia hapo wajue pia kwamba Ureno ina mashamba ya aina nyingine. Kusini, eneo la Odemira, kuna mabanda makubwa ya plastiki yanayolimwa matunda madogo ya kusafirishwa, na wanaochuma ni wahamiaji wengi kutoka Nepal, India na nchi jirani. Mwaka 2021, wakati wa Korona, nchi nzima ilishtuka kugundua jinsi walivyokuwa wamerundikana kwenye vyumba. Wale hawapigi picha na mbuzi. Wamekopa nauli, familia inasubiri hela, na kuondoka hawawezi. Nchi moja, jua moja, udongo mmoja. Kilichowatenganisha na mrembo ni karatasi na uhuru wa kusema "nimechoka, naenda".

SASA TUFIKE MAHALI

Anayetaka kwenda aende, ila aende kama mtu mzima. Aulize kwa maandishi kabla ya kusafiri: saa ngapi kwa siku, kazi gani, siku gani za kupumzika, nalala wapi na nani, chakula cha namna gani. Asome walichoandika waliotangulia, hasa wanawake waliosafiri peke yao. Awe na hela ya hoteli ya siku kadhaa na tiketi ya kurudi, ili shamba likimshinda asibembeleze mtu. Amwachie ndugu anwani kamili. Mwenye shamba anayekasirika kuulizwa maswali hayo, huyo ameshajibu.

Na hayo maswali ndiyo mtihani kwa waliobaki nyumbani, maana hayahitaji viza. Saa ngapi? Siku gani ya kupumzika? Analala wapi? Anakula lini, na wapi? Akitaka kuondoka, nauli anayo? Mwenye nyumba yeyote wa Dar, Arusha au Mwanza anaweza kuyajibu usiku huu huu bila kuinuka kwenye kochi, akimwangalia binti anayekusanya vyombo.

Mrembo anarudi Bongo mwisho wa mwezi, kwa mujibu wa ukurasa wake. Wachekeshaji wameshaandaa vichekesho vya uwanja wa ndege. Wangemwacha apite. Kitu cha kutazama ni siku ya kwanza nyumbani kwake, akikaa mezani na kutaka juisi: ule mkono utaweka glasi na kutoweka kama zamani, au safari hii mwenye mkono atavuta kiti?

Wadau, mwaga maoni hapo chini. Lakini kabla hujaandika "kwani kwao mbuzi wameisha", anza na hili: dada wa nyumbani kwako leo kaamka saa ngapi, na hivi sasa unavyosoma, kakaa au bado amesimama?